Naomba ushauri: "Retourne-toi" niiandikeje kwa Kiswahili?

Binti wa Chumbageni
Habari zenu wanajamvi. Naishi Lyon, na mama yangu yupo kwangu kwa muda, katoka Tanga. Juzi tuliangalia pamoja Portrait de la jeune fille en feu, filamu ya Céline Sciamma ya mwaka 2019. Mama hajui Kifaransa, nikawa namtafsiria kwa mdomo, na nikaharibu.

Kwa wasioijua: ni karne ya 18, kwenye kisiwa kimoja cha Bretagne, magharibi mwa Ufaransa. Marianne, mchoraji, anaitwa kumchora Héloïse, aliyetolewa kwenye nyumba ya watawa baada ya dada yake kufa. Picha itapelekwa Milano kwa mwanamume atakayemwoa. Héloïse hataki kuchorwa, kwa hiyo Marianne anajifanya mwenzake wa matembezi huku anaiiba sura yake kidogo kidogo. Wanapendana, na siku zenyewe ni chache. Mama naye picha yake ilipelekwa kwa mposaji kabla hawajaonana. Ndiyo maana alikaa kimya saa mbili nzima.

Mwishoni Marianne anakimbilia mlangoni aondoke. Nyuma yake yuko Héloïse na gauni jeupe la harusi: "Retourne-toi", yaani aangalie nyuma. Filamu nzima wanaitana vous, ile "wewe" ya heshima, hata kitandani. Ni hapo ndipo anamwambia kwa tu, "wewe" ya watu wa karibu. Mama akauliza, "Kasema nini?" Nikajibu, "Anamwita." Jibu lile linaniuma mpaka leo.

Nataka nimwandikie tafsiri ya chini ya picha, airudie kabla hajaondoka. Lakini "wewe" yetu ni moja. Nifanyeje? Na binamu yangu ananishauri nilainishe, mapenzi yao niyaandike "urafiki".

Kalamu ya Pangani
Mama mpe shikamoo yangu. Heshima yetu haikai kwenye "wewe", inakaa kwenye "Bi" na "naomba". Tangu mwanzo waitane "Bi Marianne", "Bi Héloïse". Maombi yote yaende kwa adabu: "naomba usogeze mkono", "tafadhali inua uso". Halafu pale mlangoni vua vyote. "Geuka." Mama ataisikia bila kuelezwa.

Mjukuu wa Mwana
"Geuka" inanitia shaka. Ni kubadilika pia, mtu kageuka jiwe. Mimi ningeandika "Nitazame".

Kalamu ya Pangani
Hapana ndugu yangu. Rudi kwenye ule usiku wanaposoma kisa cha Orpheus, aliyeruhusiwa kumtoa mkewe kuzimu kwa sharti asigeuke nyuma, akageuka. Sophie, mtumishi, anakasirika: kaambiwa asigeuke, kwa nini kageuka? Marianne anasema alichagua kubaki na kumbukumbu yake, uamuzi wa mshairi. Ndipo Héloïse anasema labda mke mwenyewe ndiye aliyemwambia: "Retourne-toi." Neno lile lile! Ukiweka "nitazame" mlangoni, uzi umekatika. Na hilo jiwe liache libaki. Ngano zetu zimejaa watu walioambiwa wasigeuke nyuma njiani. Mama kalelewa nazo.

Mjukuu wa Mwana
Nimekubali. "Geuka", sehemu zote mbili.

Msafiri Nairobi
Dada, hilo la urafiki usilifanye kabisa. Miaka inapita, Marianne anaiona picha ya Héloïse kwenye maonyesho, Héloïse kachorwa na mtoto, na kidole chake kimeshika kitabu ukurasa wa 28, ule ambao Marianne alimchorea sura yake mwenyewe wakiwa wawili. Urafiki hautabeba kidole kile. Ukilainisha, mama ataona mtu analia mwisho wa filamu, muziki wa Vivaldi unapigwa, na hatajua analilia nini.

Ila tafsiri yenyewe ibaki nyumbani. Mwaka 2018 Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu ya wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku hapa Kenya, mahakama ikaifungulia siku 7 tu. Usiisambaze ovyo ikakuletea maneno.

Binti wa Chumbageni
Asanteni sana. Jana usiku nimeandika sehemu ya Orpheus na ile ya mlangoni, kwa "Bi" na "naomba" kama mlivyosema. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, nami sina habari. Alisoma mpaka "Geuka!" akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Hiyo alama ya mshangao itoe," akasema. "Hakupiga kelele."