Wafugaji nyuki Sikonge: tunataka kiwanda cha mvinyo wa asali cha ushirika, tuanzie wapi?

Mzinga wa Gome:

Wakuu, habari za leo. Tupo wafugaji nyuki 36 wilaya ya Sikonge, mkoa wa Tabora, tuna kikundi kilichosajiliwa halmashauri. Asali safi inapata soko, tatizo ni inayobaki: madumu ya asali ya majimaji, mengine yameshaanza kutoa povu, pamoja na yale maji matamu tunayopata tukiosha masega na mashine ya kukamulia. Wanachama wanataka tujenge kiwanda kidogo cha mvinyo wa asali, kiwe mali yetu sote. Wanzuki, ile pombe ya kienyeji ya asali, kila mtu hapa anaujua, lakini huo unanywewa ndani ya siku chache. Sisi tunataka kitu cha chupa, kikae dukani bila kuwa siki wala kupasua chupa. Vipimo vikoje kwa lita 100? Vyombo gani? Na kikundi kinatosha au lazima tusajili ushirika?

Pipa la Isevya:

Mkuu, kwanza pongezi kwa kufikiria mabaki kabla ya kufikiria majengo. Asali daraja la kwanza endeleeni kuiuza kama asali. Kiwanda kitumie hii ya daraja la pili.

Kwa lita 100 unahitaji asali kilo 30 hivi. Kilo moja ya asali inachukua nafasi ya lita 0.7 tu, kwa hiyo kilo 30 ni lita 21 na maji yatakuwa lita 79. Pima kwa mizani, ndoo zinadanganya. Kisha hakikisha kwa haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea na kuonyesha wingi wa sukari (maji matupu husoma 1.000): isome 1.090. Ikichachuka mpaka 1.000, toa namba ya pili kwenye ya kwanza, zidisha kwa 131, unapata kilevi cha asilimia 12 kasoro kidogo. Ukiweka kilo 15 utaanzia 1.045 na kuishia na kinywaji chepesi cha asilimia 5 au 6, ila hicho kinaharibika upesi na msianze nacho.

Asali yenu ya majimaji ina sukari pungufu kuliko asali iliyoiva, kwa hiyo mizani itakupa makadirio tu. Mwamuzi ni haidromita. Ongeza asali kidogo kidogo, koroga mpaka iyeyuke yote (asali hupenda kukaa chini na kukupa namba ya uongo), pima tena. Haidromita nyingi zimetengenezwa kwa joto la nyuzi 20. Mchanganyiko ukiwa na nyuzi 30 ongeza 0.002 hadi 0.003 kwenye ulichosoma.

Maji ya kuoshea masega yahesabuni hivyo hivyo. Mfano una lita 50 zinazosoma 1.030: humo tayari kuna asali ya kilo 5. Utaongeza kilo 25 na kujazia maji hadi lita 100. Sharti moja: yatumike siku hiyo hiyo. Yakilala usiku mmoja yameshaanza kuchachuka kwa hamira za porini, na hujui yataelekea wapi.

Hamira: tumia ya mvinyo, kavu, gramu 50 kwa lita 100. Ya mikate itafanya kazi lakini haitulii chini vizuri na inaacha harufu ya unga. Iloweke kwenye maji safi nusu lita ya nyuzi 37 hadi 40 kwa dakika 15 hadi 20, halafu iongezee mchanganyiko kidogo kidogo ili ipoe taratibu. Ukiitoa kwenye maji ya vuguvugu na kuitupa moja kwa moja kwenye pipa la baridi, nyingi inakufa.

Sasa penye kuumiza wengi. Asali ina sukari tele lakini karibu haina naitrojeni, na hamira bila naitrojeni inachoka. Dalili zake: namba inagoma kwenye 1.040 au 1.030, na pipa linanuka yai bovu. Dawa ni DAP (chumvi ya fosfeti yenye naitrojeni) ya daraja la chakula, gramu 80 hadi 100 kwa lita 100, igawe mafungu manne: baada ya saa 24, saa 48, saa 72, na la mwisho namba inapofika 1.060. Baada ya hapo usiongeze tena, hamira haiwezi kuila na itabaki kulisha bakteria. Kila fungu liyeyushe kwanza kwenye maji. Ukimwaga unga mkavu kwenye pipa lililojaa gesi, nusu ya mvinyo itatoka na povu hadi mlangoni.

Tafadhali sana: hiyo si DAP ya mbolea. Najua maghala ya wakulima wa tumbaku yamejaa mbolea na bei yake inavutia. Ya shambani inaweza kuwa na kadmiamu na uchafu mwingine, haikutengenezwa kuingia tumboni.

Halafu joto. Hamira nyingi za mvinyo zinapenda nyuzi 18 hadi 24. Septemba na Oktoba Tabora mchana unapita 30, na pipa linalochachuka linajiongezea joto lake lenyewe juu ya hilo. Matokeo ni mvinyo wenye ukali wa spiriti unaounguza koo, na kuutuliza itachukua mwaka. Anzeni Juni na Julai usiku ukiwa wa baridi, asali nayo ndiyo imetoka kurinwa. Pipa livisheni gunia lililoloa, chini kuwe na beseni la maji, hewa ipite.

Mama Nta:

Naongeza kuhusu yale madumu yaliyotoa povu. Msiyachanganye na mengine. Onjeni kila dumu peke yake: kama lina harufu ya kileo tu, lipasheni moto mpaka nyuzi 70 kwa dakika kumi ndani ya sufuria ya maji, ipoe, itumike mara moja. Kama lina ukali wa siki, lifanyeni siki kweli, ina soko lake. Asali ya siki haigeuki mvinyo mzuri hata ikombolewe vipi.

Na asali ya moshi jamani. Ile iliyorinwa kwa mwenge mkubwa chini ya mzinga wa gome, moshi haupungui kwenye pipa, bali unakolea, kwa sababu utamu uliokuwa unauficha umeliwa na hamira. Warinaji watumie bomba la moshi, na asali yenye moshi ipokelewe kwa bei nyingine au isipokelewe.

Vyombo: mapipa ya plastiki ya daraja la chakula, lita 120 kila moja, jazeni 100 ili povu lipate nafasi. Matano yanatosha mwaka wa kwanza. Pipa lililokuja na dawa ya shamba halisafishiki, hata mkilichemsha. Msitumie mabati wala aluminiamu, asidi inakula madini yake na kuyaingiza kwenye kinywaji.

Mzinga wa Gome:

Asanteni sana. Wazee hapa wanasema lazima mchanganyiko wote uchemshwe ndipo uweke hamira. Kweli?

Pipa la Isevya:

Ukichemsha unaua vijidudu na pia unafukuza harufu ya maua, ambayo ndiyo inayotofautisha asali ya miombo na sukari ya dukani. Kwa asali nzuri pasha nyuzi 65 kwa dakika kumi, basi. Njia nyingine ni kutopasha kabisa: weka potasiamu metabisulfaiti (unga wa kuzuia vijidudu) gramu 9 kwa lita 100, funika kwa kitambaa, subiri saa 24, ndipo hamira. Usiruke hayo masaa 24, la sivyo utaiua hamira uliyoinunua. Maji nayo, kama ni ya bomba lenye klorini, yalaze wazi usiku kucha au yachemshe.

Nilisahau asidi. Asali haina uwezo wa kuzuia asidi isipande, pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imezidi) inaweza kushuka chini ya 3.2 ndani ya siku tatu na hamira ikalala hata kama umeilisha. Pima kila siku wiki ya kwanza. Ikishuka, weka potasiamu baikaboneti gramu 30, koroga taratibu, pima tena kesho yake.

Karani wa Vyama:

Ndugu zangu wamemaliza upande wa pipa. Upande wa karatasi ndio unaoua viwanda vya aina hii.

Kikundi cha halmashauri si chama cha ushirika. Ushirika unasajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013, msimamizi ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mlango wa kuingilia ni Afisa Ushirika wa halmashauri yenu. Atawaitisha kikao cha waanzilishi, mtaandika muhtasari, masharti ya chama, na andiko la mradi lenye hesabu, kisha maombi yanakwenda kwa Mrajisi wa vyama. Kura ni moja kwa kila mwanachama, awe na hisa 2 au 200. Hilo lielezeni mapema kwa mwenye mtaji mkubwa, asije akagundua siku ya mkutano mkuu.

Jambo ambalo watu huona haya kulisema: Tabora ina Waislamu wengi, na kwenye kikundi cha watu 36 hakika wapo wasiotaka senti ya pombe. Msiwaburuze kwa kura ya wengi. Acheni chama cha asali kibaki cha asali, kiwanda kiwe chama kingine chenye hisa na akaunti yake, waingie wanaotaka. Swali la kama mwanachama anaweza kuuza asali yake kwenye kiwanda bila kuwa na hisa humo liamuliwe na dhamiri yake.

Vibali: leseni ya vileo, ukaguzi wa afya wa jengo na wafanyakazi, alama ya ubora ya TBS (shirika la viwango), usajili TRA (mamlaka ya mapato). Mvinyo unalipiwa ushuru wa bidhaa, na tangu 2019 chupa lazima ziwe na stempu za kielektroniki. SIDO Tabora (shirika la viwanda vidogo) waonekeni kabla ya kwenda TBS, barua yao ya utambulisho inawasaidia wajasiriamali wadogo kwenye gharama. Vifuko vya plastiki msivifikirie, viroba vilipigwa marufuku Machi 2017. Na asitokee mjanja wa kusema mvinyo ulioharibika tuukeneke. Kukeneka bila leseni ni gongo, na chama kizima kitaingia matatani.

Hesabu ya pesa iko hivi. Mapipa matano ni lita 500, asali kilo 150. Mashapo yatakula sehemu ya kumi, mnabaki na lita 450, yaani chupa 600 za mililita 750. Asali mnainunua Juni, chupa ya kwanza inauzwa Desemba au Januari. Miezi hiyo sita mwanachama anataka ada ya shule. Kwa hiyo fanyeni kama vyama vya mazao: malipo ya awali siku ya kupokea asali, kwa kilo na kwa kipimo cha maji yaliyomo ndani ya asali, stakabadhi mkononi, malipo ya pili baada ya mauzo. Mkiahidi kulipa yote siku ya kupokea, mtaji umekwisha kabla ya kununua chupa. Na stoo iwe na kufuli mbili, funguo kwa watu wawili tofauti, mvinyo wa kuonja uandikwe kwenye daftari kwa mililita. Mnacheka, lakini pipa la kuonja limeshamaliza vyama.

Mzinga wa Gome:

Karani, hilo la funguo nimelielewa vizuri sana, haha. La mwisho: tukianza Juni tufungashe lini, na chupa za bia zilizotumika zinafaa?

Mama Nta:

Chupa za bia zina wenyewe, ni mali ya kiwanda kilichozitoa, kwa hiyo hapana. Nunueni mpya za mvinyo.

Mchachuko unachukua wiki tatu hadi sita. Namba ikitulia, hamisheni kwa mpira kwenda chombo kisafi, acheni mashapo chini. Chombo cha pili kijazwe hadi shingoni, kwa sababu hewa ndiyo inayoleta siki. Baada ya miezi miwili hamisheni tena. Mvinyo ukigoma kung'aa, bentonaiti (udongo laini wa kusafishia mvinyo) gramu 100 kwa lita 100, iliyolowekwa siku moja, itavuta ukungu chini ndani ya wiki.

Kufungasha: haidromita isome namba ile ile mara tatu, kwa wiki mbili. Kama mnataka mvinyo mkavu, wekeni metabisulfaiti gramu 9 kwa lita 100, mfungashe. Kama mnataka mtamu kidogo, ambao kwa soko letu ndio unaotoka, msiongeze asali hivi hivi, hamira iliyojificha itaamka ndani ya chupa na hapo ndipo chupa zinapasuka. Wekeni potasiamu sobeti gramu 20 pamoja na hiyo metabisulfaiti, subirini siku tatu, ongezeni asali, subirini wiki mbili nyingine mkipima. Sobeti haisimamishi hamira inayofanya kazi, inazuia iliyolala isizaane, kwa hiyo mvinyo uwe umeshang'aa kabla ya kuiweka.

Kila pipa tunzeni chupa mbili stoo mahali pa joto, na tarehe na namba ya pipa. Pakitokea kizibo kimeinuka, mnajua ni chupa zipi za kurudisha kutoka dukani.

Mzinga wa Gome:

Jumatatu tunakwenda kwa Afisa Ushirika. Haidromita na karatasi za pH, kwa Tabora mjini zinapatikana wapi?

Pipa la Isevya:

Ulizeni wauza vifaa vya maabara za shule, wakikosa mwagize Dar. Haidromita nunua mbili, ni kioo.