Tuuze kiwanja mtoto akasome kompyuta?

Mama wa Igoma: Habari zenu. Mwanangu wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) amepangiwa chuo, sayansi ya kompyuta, miaka 3. Mkopo hatuna uhakika nao, na baba yake ameshaanza kutafuta dalali wa kuuza kiwanja chetu cha Buhongwa, hapa Mwanza. Kiwanja hicho nimekilipia kwa hela ya vikoba, miaka sita. Mtaani kwetu kuna vijana wawili wenye shahada hiyohiyo. Mmoja anatoa fotokopi karibu na stendi, mwingine yuko nyumbani kwao tangu 2022. Naomba mniambie ukweli: fani hii bado ina kazi, au tuache?

Mkongwe TEHAMA: Mama, kazi zipo. Ukilipa bili ya maji unapewa kontroo namba, zabuni za serikali zimehamia kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST tangu 2023, hospitali nazo zinatumia mifumo. Yote hayo yanaandikwa na kutunzwa na watu. Shida ni wahitimu wenyewe. Kila mwaka napokea vijana wa fildi, mtu yuko mwaka wa mwisho na hajawahi kuweka mfumo hata mmoja kwenye seva ukatumiwa na binadamu mwingine. Wengine wangefaa zaidi kwenda kupima dagaa sokoni Kirumba.

Nipo Kanzidata: Shikamoo Mkongwe, ila hapo umenigusa. Nimehitimu 2021. Nimefanya usaili wa Afisa TEHAMA Daraja la II mara 4. Mara mbili nimepanda basi hadi Dodoma kwa nauli ya kukopa, nikalala sakafuni kwa rafiki. Nafasi za kuhesabu kwa vidole, watu wamejaa ukumbini hadi nje. Mara ya mwisho nilipita mchujo, nikapita vitendo, mahojiano nikapata alama za kufaulu, lakini waliokuwa juu yangu walizimaliza nafasi. Jina likabaki kwenye kanzidata, ile orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi, na mpaka leo simu haijaita. Wewe uliajiriwa mwaka gani, mzee wangu?

Mkongwe TEHAMA: Marahaba. 2004. Na mimi nilisota, usidhani.

Nipo Kanzidata: 2004 chuo ulichosoma kilitoa wangapi kwa mwaka? Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kilikuwa hakijaanzishwa hata. Leo vyuo vingi vina shahada ya kompyuta na kila kimoja kinatoa darasa zima kila mwaka.

Mama Dagaa wa Mwaloni: Mimi nimeingia kwa neno moja tu: kupima dagaa. Huyu bwana anasema kama vile ni kazi ya aliyeshindwa. Baba, wewe unajua lini mitumbwi inatoka? Dagaa wanavuliwa gizani, wanafuata taa. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi imelala, mwaloni inaposhushia mzigo pakavu, na kama hukuweka mzigo siku za giza utawaangalia wateja wakiondoka. Ikinyesha ukiwa umeanika, dagaa wanavunda mchana mmoja na mtaji unauzwa kwa wenye kuku. Aliyekaushwa mchangani na aliyekaushwa kwenye chanja hawana bei moja, na mnunuzi wa Kongo anamtambua kwa kumtia mdomoni. Mimi nimeishia darasa la saba. Nimesomesha watoto wawili kwa dagaa, mmoja ni muuguzi. Tafuta mfano mwingine.

Mkongwe TEHAMA: Sikukusudia kudharau, dada yangu. Nilimaanisha kazi isiyotaka shahada.

Mama Dagaa wa Mwaloni: Umerudia palepale.

Mzee wa Ukerewe: Mama amesema vizuri, nimrekebishe hapo kwenye mwezi tu. Mwezi ukipungua unachelewa kuchomoza, na zile saa za giza za mwanzo tunavua. Mitumbwi hailali yote. Tena siku hizi ni taa za sola, karabai na mafuta ya taa tumeziacha wengi wetu.

Mama Dagaa wa Mwaloni: Nimesema mwezi mpevu, mzee wangu. Soma vizuri.

Shemeji wa Nyegezi: Turudi kwenye mada. Huko Marekani kwenyewe nusu ya waliosoma kompyuta hawana kazi, akili mnemba imewamaliza. Mama Igoma, baki na kiwanja chako.

Nafanyia Chumbani: Nusu umeitoa wapi? Takwimu zilizosambaa 2025 ni za tawi la New York la Benki Kuu ya Marekani: wahitimu wapya wa sayansi ya kompyuta wasio na kazi walikuwa asilimia 6.1. Watu walishtuka kwa sababu waliosoma historia ya sanaa wasio na kazi walikuwa asilimia 3 tu. Na tusiitupie akili mnemba lawama zote. Meta, wenye Facebook, walitangaza kupunguza watu 11,000 Novemba 2022, mwezi uleule ChatGPT inatoka, ilikuwa haijamfuta mtu kazi. Google 12,000 Januari 2023. Waliajiri kupita kiasi wakati wa korona, kisha riba zikapanda.

Ila sikatai, akili mnemba imetufikia. Nimeishi miaka minne kwa kuandikia watu wa nje programu, niko chumbani kwangu Mkolani. Vile vikazi vidogo nilivyoanzia, kutengeneza ukurasa, kurekebisha fomu, mteja sasa anaiambia mashine. Kubwa bado napata. Mwanafunzi mpya ataanzia wapi, ndiyo hofu yangu. Na Mei 2024 mikongo ya baharini ilipokatika, intaneti ikayumba siku kadhaa, mteja wangu mkubwa akaondoka. Hakunigombeza hata. Alikaa kimya tu.

Shemeji wa Nyegezi: Sasa si umesema nilichosema mimi?

Nafanyia Chumbani: Sikusema nusu.

Nipo Kanzidata: Mama Dagaa, nikuombe radhi kwa niaba ya wasomi, na nikueleze kitu. 2023 niliandika programu ya simu kwa ajili ya mwalo mmoja, siutaji. Mtumbwi ukifika, mzigo unaandikwa, bei inaandikwa, gharama za mafuta na chakula zinatolewa, kila mvuvi anaona fungu lake. Niliijaribu wiki tatu, wavuvi walifurahi sana. Tajiri wa mitumbwi akaniita pembeni, akanipa soda, akaniambia kijana, kazi yako nzuri, usirudi.

Mama Dagaa wa Mwaloni: Hahaha mwanangu! Ulitaka vibarua wajue hesabu ya tajiri!

Nipo Kanzidata: Chuoni walinifundisha kanzidata mihula miwili. Hili hakuna aliyenifundisha.

Mzee wa Ukerewe: Mimi ni tajiri wa mitumbwi miwili na nimeumia. Si wote tunaibia watu. Injini ikifa ziwani nani analipa? Nyavu zikichanika? Hao wavuvi wanachukua hela mapema kabla ya kutoka, kisha wanahamia kisiwa kingine na deni. Programu yako iliandika hilo?

Nipo Kanzidata: Hapana, mzee. Madeni sikuyaweka.

Mzee wa Ukerewe: Basi ndiyo maana alikufukuza. Mimi madeni nayaandika kwenye daftari, na daftari likilowa nimekwisha.

Mkongwe TEHAMA: Kijana, ulikaa wiki tatu mwaloni na mfumo unatumika? Kwa nini kwenye usaili hukulisema hilo?

Nipo Kanzidata: Niliulizwa maana ya TEHAMA na majukumu ya Afisa.

Mama wa Igoma: Jamani, nawasoma wote, asanteni. Kiwanja?

Mkongwe TEHAMA: Usiuze, mama. Aombe mkopo kwanza, akikosa akate rufaa, dirisha hufunguliwa.

Nipo Kanzidata: Na akipata ajira anakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe. Ajue mapema. Ila kweli, usiuze kiwanja kwa hili. Mimi baba aliuza ng'ombe wanne, na kila nikienda Misungwi naliona zizi.

Nafanyia Chumbani: Mwulize mtoto ameshaandika nini mpaka leo, hata kitu kibovu. Kama hajagusa, asubiri mwaka mmoja ajaribu kwanza, nitamwelekeza bure.

Mama wa Igoma: Alitengeneza kitu cha kuhesabu michango ya kikoba chetu kwenye simu yangu. Tunakitumia tangu Machi.

Mama Dagaa wa Mwaloni: Kinahesabu na riba? Sisi tuko thelathini, katibu wetu kila mwezi anakosea.

Mzee wa Ukerewe: Na madeni?

Mama wa Igoma: Riba ndiyo. Madeni ngoja nimwite, yuko nje anachota maji.