Hoteli yataka kujengwa kwenye mzimu na makaburi yetu ufuoni, tuanzie wapi?

Mwana_Kwale: Salaam wanajamvi. Kwetu Kwale, pwani ya Kenya, kuna msitu mdogo kando ya bahari, ndani kuna mzimu wa wazee, yaani mahali pao pa matambiko, na makaburi ya kale ya matumbawe, mbele yake mikoko na diko, pale wavuvi wanapoegesha vyombo. Juzi tumekuta bikoni (alama za mipaka ya kiwanja) za rangi nyekundu, moja iko katikati ya makaburi kabisa, twaambiwa hoteli yaja. Shida wenyewe hatuelewani, wazee wa kaya (msitu mtakatifu wa Wamijikenda) wanataka tupinge kwa ajili ya mzimu, imamu asema hatii sahihi barua ya kutetea mizimu maana ni shirki, nao vijana wa BMU, kikundi cha kusimamia ufuo na uvuvi, kilio chao ni mikoko tu.

nahodha_mstaafu: Kwani lazima barua iwe moja? Imamu atetee makaburi, wazee mzimu, wavuvi diko na mikoko. Eneo ni lile lile, mwenye hoteli akizuiwa kwa moja kazuiwa.

binti_wakili: Kwanza nendeni ofisi ya ardhi mfanye sachi (upekuzi wa rekodi za ardhi) mjue hati ni ya nani. Kama ripoti ya athari za mazingira ishafika NEMA (mamlaka ya mazingira ya taifa), umma una siku 30 za kutoa maoni tangu itangazwe, na leseni ikitoka mna siku 60 za kukata rufaa kwa NET (baraza la rufaa za mazingira), msilale. Lamu leseni ya mtambo wa makaa ya mawe ilifutwa Juni 2019, na sababu kubwa ni wananchi kutoshirikishwa ipasavyo.

kijana_wa_ufuoni: Mnapinga kila kitu halafu mwalia hakuna kazi 😏

Mwana_Kwale: Kazi twataka ndugu yangu, ila ukuta ukifika majini ngalawa tutazipitisha wapi?

mjukuu_wa_kaya: Kaya Kinondo iko hapo Diani karibu na mahoteli na msitu bado upo, wageni wanafungwa kaniki, nguo nyeusi, ndo waingie na wazee ndio wanaowatembeza. Ni moja ya kaya zilizoingia urithi wa dunia 2008. Waiteni watu wa Makumbusho ya Taifa waje waone hayo makaburi kabla tingatinga halijafika.

Mwana_Kwale: Shukran. Lakini wazee kadhaa washatia sahihi kwenye baraza la kujadili hoteli, karatasi ilipitishwa pamoja na soda.

binti_wakili: Hapo ndo pa kukimbilia sasa! Ilikuwa na kichwa gani? Kama ni ya mahudhurio, waandike leo kwamba walihudhuria tu hawakuridhia, wapeleke NEMA kaunti, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.