Kinamasi kimejaa maji, mbona vigoga ni vichache?

Gogo_Bichi (Moshi): Wakuu, naandaa ulinganisho wa vigoga, hivi vimea vya kijani vinavyofunika magogo na mawe. Kwenye ukanda wa ukungu wa Kilimanjaro matawi yamevishwa hadi hayaonekani. Kwenye misitu ya kinamasi cha mboji ya tambarare, kama ya kisiwa cha Borneo (Asia ya Kusini-Mashariki), ardhini ni vichache. Maji si yapo? Na nipimeje ili ulinganisho uwe wa haki?

Mzizi_Mkavu: Tatizo si maji, mkuu. Kwanza, usidhani mboji ile imetokana na sfagnamu (kigoga cha kinamasi) kama kule Ulaya ya kaskazini. Ni mabaki ya miti: mizizi, magogo na majani yasiyooza kwa sababu ya maji yaliyotuama, yenye asidi kali (pH ya 3 hadi 4). Sakafu hufurika kwa msimu na hufunikwa na majani yanayodondoka, tena ni giza. Kigoga hakina mizizi ya kweli wala kimo, kikifunikwa kimekwisha. Ndiyo maana utavikuta kwenye vichuguu vya mizizi, magogo yaliyolala na chini ya mashina, juu ya alama ambayo maji ya mafuriko huacha kwenye shina.

Pili ni joto la usiku. Tambarare, kigoga hukauka mapema mchana na kuacha kutengeneza chakula. Usiku kina unyevu na joto, kinapumua sana na kuteketeza kilichopatikana mchana. Milimani usiku ni baridi, matumizi hupungua, akiba inabaki.

Hadubini40: Upimaji: fremu ya waya ya sentimita 20 kwa 20, ibandike kwenye shina katika kimo cha sentimita 0–50, 50–100 na 100–200. Kadiria asilimia ya eneo lililofunikwa *kabla* ya kubandua chochote, kisha chukua kipande cha ukubwa wa kiberiti. Andika kwa penseli (wino huchuruzika): mahali, mwinuko, aina ya mti, kimo, umbali kutoka alama ya maji. Tumia bahasha ya karatasi, kamwe usitumie mfuko wa plastiki, kuvu itakuwahi. Anika kivulini, usigandamize kama maua. Vifuko vya spora (chembe za uzazi) vitapondeka.

Mzizi_Mkavu: Nyongeza: fremu tatu za mti mmoja si sampuli tatu. Hesabu miti, na iwe idadi sawa pande zote mbili. Magogo yaliyoanguka yapimwe peke yake. Wengi huyaruka, ndipo orodha inapokuwa fupi.

Gogo_Bichi: Shukrani. Hadubini ya kukuza mara 400 inatosha?

Hadubini40: Inatosha. Loweka kwenye maji yenye tone la sabuni ya vyombo dakika chache, bandua majani kwa kibanio. Majani yakiwa yamepangwa safu mbili, yamegawanyika ncha na hayana mshipa wa katikati, hiyo huenda ni hepatika (kimea jamaa ya kigoga, si kigoga chenyewe), itenge. Jani jeupe-kijani, bapa, linalokatika ovyo, mdomo wa kifuko una meno 8: jenasi ya Octoblepharum, ambayo hata kwenye mashina ya minazi ipo. Seli kubwa angavu tupu kwenye kitako cha jani, pande zote mbili za mshipa: anza na familia ya Calymperaceae. Ikikushinda, peleka herbaria ya taifa (hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa) pale Ngaramtoni, Arusha, ikiwa na lebo kamili. Na kibali cha hifadhi kiwe mkononi kabla ya kuchukua hata kipande kimoja.