Tupeane uzoefu: Umenunua gari la spoti lililotumika, halafu breki na usukani vikakutia wasiwasi?

Salaam wana Mombasa. Nina Toyota 86 ya 2015, gia za mkono, nimeichukua kwa mtu hapa hapa mjini. Injini haina neno, bodi safi. Shida iko chini. Nikishuka Daraja la Nyali kuelekea Kongowea, nikikanyaga breki kwenye spidi ya 70 hivi, usukani unatetemeka. Nikiachia, unatulia. La pili ni mkia: tangu masika ianze, nikikata kona barabara ikiwa na maji, nyuma kwataka kutangulia mbele.

Nimeona mafundi wawili nikapata majibu mawili. Mmoja ataka nibadilishe diski zote nne, mwengine ataka shoki na mikono ya chini, ile inayoshikilia gurudumu kwenye bodi. Zote ni pesa. Waliopitia haya walete visa vyao: gari lilikuwa gani, lilifanya nini, na mwisho wake shida ilikuwa wapi.

Wa Bamburi:
Yakhe, huko kutetemeka nakujua. Mimi nilikuwa na Mazda Roadster, ugonjwa ule ule. Nikaambiwa diski zimepinda, nikanunua mpya za mbele na pedi zake. Raha tupu. Baada ya wiki chache mtetemo ukarudi, na diski bado zang'aa.

Fundi mmoja wa Majengo, mtu mzima asiyependa maneno mengi, akafungua gurudumu, akavua diski, akanionyesha habu, pale diski inapokalia. Kutu imeota tabaka juu ya tabaka. Gari lile lilikaa yadi karibu na bandari muda mrefu kabla sijalinunua, likila hewa ya chumvi. Diski mpya ikiwekwa juu ya kutu haikai sawa; inaegemea upande kidogo sana, jicho halioni. Kila mzunguko pedi zinagusa sehemu ile ile, taratibu unene wa diski unakuwa si mmoja, na hapo ndipo usukani unapoanza kucheza. Kwa hivyo diski utaikuta imeharibika kweli, lakini aliyeiharibu ni kutu ya nyuma yake.

Akasugua habu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikaonekana, akapima kwa geji ya saa kama diski inayumba, ndipo akarudisha. Nati akazikaza kwa msalaba, kwa ile spana inayolia ikifika kipimo. Bunduki ya upepo aliiweka kando kabisa. Ukiona kijana anafunga magurudumu ya gari lako kwa bunduki trrr trrr na kukuaga, mrudishe.

Na kabla hujanunua diski, tazama ukingo au kikombe cha hiyo uliyonayo. Zimeandikwa unene wa mwisho, mara nyingi kwa herufi MIN TH. Ikiwa itabaki juu ya kipimo hicho hata baada ya kuchongwa, yaweza kuchongwa ikatumika. Ikiwa iko chini, hapo hakuna mjadala.

Wa Mtwapa:
Naongezea dogo. Sisi wa karibu na bahari, asubuhi ukiona diski ina kutu ya rangi ya chungwa usipige kelele. Ni ya juu juu, ukikanyaga breki mara chache inatoka. Ya kuogopa ni ile inayobaki pale pedi inapopita hata baada ya safari: ujue pedi haishiki diski yote.

Dada wa Kizingo:
Hakuna aliyegusa tairi mpaka sasa, na nyinyi ndio wanaume wa magari!

Ndugu wa 86, inama usome ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT. Kuna tarakimu nne. Zikiwa 3516, tairi imetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2016. Magari yetu yanakuja kutoka Japani kwa sheria ya gari lisizidi miaka minane, na mengi yanashuka Kilindini na tairi zile zile yalizokuwa nazo kule. Meno yanaweza kuwa marefu kabisa, mpira umeshakuwa mkavu. Jua kavu halikuonyeshi kitu. Subiri mvua ya kwanza inyeshe juu ya mafuta yaliyomwagwa na malori ndipo utajua unaendesha nini.

Kisa changu ni cha Nissan Fairlady Z. Mbele nilikuta tairi mpya, nyuma kuukuu. Muuzaji alijisifu kuwa ameweka tairi mpya! Kwa gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma hiyo ni hatari yenyewe: mbele kunashika, nyuma kunateleza. Nilipoweka nyuma mpya za saizi yake, gari likawa jengine.

La pili ni alaimenti, kule kunyoosha magurudumu. Nilipeleka mahali, wakarekebisha mbele tu, wakanipa risiti. Magari haya nyuma pia yana bolti za kurekebishia. Nyuma ikiwa imekaa kombo, utashika usukani ukiwa umeinama upande ndio gari liende moja kwa moja. Uliza kabla hujaingia: mnapima magurudumu manne? Na wakupe karatasi ya vipimo vya kabla na baada.

Wa Likoni:
Dada ametufunga bao. Lakini nimtetee Toyota: 86 imeundwa mkia uwe mwepesi. Yenye rimu za inchi 17 ilitoka kiwandani na tairi 215/45, nyembamba kwa gari la spoti, aina moja na zilizofungwa kwenye baadhi ya Prius. Walitaka dereva ausikie mkia bila kwenda spidi ya wazimu. Kwa hivyo usitarajie litulie kama Probox. Cha kuuliza ni kama taa ya kuteleza inamweka kwenye dashibodi mkia unapotoka. Ikiwa haimweki, angalia mwenyewe wa zamani hakuzima mfumo wa kuzuia gari lisiteleze, au waya za sensa za magurudumu hazijakatwa.

Mzee wa Changamwe:
Vijana, mwaongea diski na tairi, mafuta ya breki je?

Nilikuwa na Subaru Impreza STI, kalipa (vile vinavyobana pedi kwenye diski) za kampuni ya Brembo, za rangi ya dhahabu, mashallah. Nikitoka Voi, pale mteremko wa Mazeras kuja Miritini, nyuma ya trela, nimekanyaga na kuachia, kanyaga na kuachia. Mara pedali ikazama mpaka karibu na sakafu. Sikuona mbele wala nyuma, nikarudisha gia, nikapampu pedali, nikatoka pembeni. Nilipotulia, ikarudi ngumu kama kawaida. Angekuja fundi saa ile angeniambia ninaota.

Kisa chake ni hiki. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na hewa yetu ya Pwani ni maji matupu. DOT 4, aina ya mafuta ya breki, ikiwa mpya inatakiwa istahimili angalau digrii 230 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji kiwango kinateremka, na kipimo chake cha chini ni 155. Mteremko mrefu unafika huko bila shida. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabinyika, pedali inaenda bure. Yangu yalitolewa rangi ya chai. Ukinunua gari lolote, hata Vitz, mafuta hayo yabadilishwe wiki ya kwanza, kisha kila baada ya miaka miwili.

Wa Tudor:
Mzee, zako zilikuwa Brembo za kweli. Mimi nilinunua Impreza yenye "Brembo". Nilipoiosha kwa presha, rangi nyekundu ikabanduka, na chini yake kalipa ya kawaida. Breki zilikuwa zinavuta kulia. Kumbe kalipa ya mbele kushoto, pini zake zimekwama, haibani, kazi yote inafanywa na kulia. Zikavuliwa, zikasafishwa, zikapakwa grisi yake, basi. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshauziwa habari ya usukani mzima kubadilishwa.

Wa Nyali:
Swali la pembeni: yangu nikikanyaga kwa nguvu kwenye maji, pedali inagongagonga mguu. Ni ugonjwa?

Mzee wa Changamwe:
Hiyo ni ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame ukifunga breki, yafanya kazi yake. Usiachie mguu.

Mwenye 86:
Mrejesho. Nilienda kwa fundi wa tatu nikiwa na maneno yenu. Mbele, diski ziko juu ya kipimo, lakini habu zina kutu vile vile alivyosema wa Bamburi. Amezisugua, diski zimechongwa. Nyuma kulia pini moja ya kalipa imekwama, pedi ya ndani imeisha na ya nje iko nusu. Mafuta yalikuwa meusi. Tairi za nyuma ni za mwaka 2015, maana yake zilikuja na gari! Kibandiko cha mlangoni kinasema upepo wa tairi uwe 240 kPa, kama PSI 35, mimi nilikuwa nimejaziwa 45 pale petroli.

Shoki na mikono ya chini havijaguswa. Mtetemo umekwisha. Tairi nimeagiza mbili, na mpaka zifike sikati kona kwa fujo. Kilichobaki ni mlio, kok kok, mbele kushoto, nikipanda matuta ya Kongowea polepole.

Wa Bamburi:
Polepole tu, na ukiwa spidi haulii? Anza na linki ya stabilaiza. Ni kifimbo kidogo chenye bolijointi huku na huku, na ni rahisi kuliko vyote ulivyotajiwa. Mwambie akishike akitikise gari likiwa chini, si likiwa juu ya jeki.