Nani anajaza majani kwenye kitasa changu?

MamaWaridi (Pasua, Moshi)
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Juzi ufunguo wa stoo uligoma kuingia. Nikachokonoa na njiti, kikatoka kipande cha jani kimeviringwa kama msokoto wa tumbaku. Kikafuata kingine, na kingine. Ndani yake mna kitu cha njano kama uji mzito. Nikaonja kidogo (msinicheke), kina utamu wa mbali.

Nikajua ni watoto. Kumbe! Jana nimekaa na chai, nikamwona mdudu mweusi, mdogo kuliko nyuki wa mzinga, tumbo lote kwa chini limejaa vumbi la njano. Kakumbatia kipande cha jani, akazama tunduni. Waridi langu nalo limekatwa duara duara kama kwa mkasi. Shemeji anataka kupuliza dawa. Ni nyigu?

BabuKibosho
Marahaba, mwanangu. Si nyigu. Nyigu huwapelekea watoto wake viwavi. Huyu amepeleka chavua. Ni nyuki mkata-majani, jamii ya Megachile. Nyuki wa mzinga hubeba chavua miguuni, huyu hubeba chini ya tumbo.

Hana malkia wala mzinga, kila jike hujijengea. Huo uji uliouonja ni chavua na mbochi (maji matamu ya maua), chakula cha buu mmoja. Hutaga yai juu yake, hufunika kwa majani, kisha huanza chumba kingine mbele. Majike huwa ndani kabisa, madume karibu na mlango, maana ndio hutoka kwanza. Kuuma anaweza, ila mpaka umbane mkononi. Dawa ya nini?

Mkatie mianzi myembamba, upande mmoja ubaki na fundo, uitundike pasiponyesha.

Tengeru_77
Wangu wanachimba ukuta wa udongo wa jiko la zamani. Wana mistari ya buluu tumboni. Jioni madume wanalala wameng'ata kijiti kwa meno, miili inaning'inia hewani. Nilidhani wamekufa!

BabuKibosho
Hao nao ni nyuki, jamii ya Amegilla. Usiwaguse, nyanya zako zinawahitaji.

Fundi Kenchi
Afadhali yenu. Mimi manyuki yale meusi makubwa yametoboa kenchi mpya, unga wa mbao unamwagikia kitandani.

MamaWaridi
Asante Babu. Mianzi nimetundika, hajaiangalia hata. Stoo nimeweka komeo na kufuli, kitasa nimemwachia. Shemeji anauliza kodi atalipa lini.