Dereva wa ziara kamvunjia heshima mama yangu mbele ya majabali ya Moher!

Wakuu, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira. Jina silitaji. Walioko Dublin mnamjua, ni yule wa gari jeusi la viti saba, anayejitangaza kila kundi la WhatsApp la Waswahili wa Ireland: "Ziara binafsi ya pwani, nakuchukua mlangoni nakurudisha mlangoni." Huyo huyo.

Mama yangu mzazi amekuja kunitembelea kutoka Tanga. Hakuomba nguo wala simu. Aliomba kitu kimoja tu, aone majabali ya Moher, kule kaunti ya Clare magharibi mwa Ireland, kabla hajarudi nyumbani. Nikalipa euro 450, siku nzima, gari letu peke yetu. Makubaliano yalikuwa tukifika Galway tushike njia ya pwani: Kinvara, Ballyvaughan, tuzunguke Black Head ambapo bahari iko hapa na mawe ya Burren yako pale, Fanore, Doolin, halafu majabalini. Yote nilimwandikia, naye akajibu "sawa boss".

Sasa sikilizeni alichofanya mshenzi huyu.

Asubuhi tunafungua mlango wa gari, harufu ya dagaa inatupokea. Nyuma kuna mifuko ya unga na magunia ya dagaa mpaka dari. Mama kwa ustaarabu wake akasema labda ni chakula chake cha njiani. Chakula cha njiani kinacholisha kambi ya jeshi! Kufika Galway tukageuka kuwa wasambazaji. Nyumba hii anashusha unga, nyumba ile anashusha dagaa, kwingine kakaribishwa chai na kaingia kunywa, sisi tuko ndani ya gari kama mizigo iliyobaki. Saa nzima na zaidi. Kisha njia ya pwani hakuishika. Kapanda barabara kuu ya M18 mpaka Ennis, kakata kwenda Ennistymon. Ziara ya pwani tunaangalia malori! Bahari mama aliiona Lahinch kupitia dirishani, gari linatembea.

Tumefika Moher saa kumi jioni. Wanaopajua wanajua, ukiwa barabarani huoni kitu. Unaona kilima cha majani na jengo la wageni lililochimbiwa ndani yake, bahari yote iko nyuma ya kilima. Ni lazima uegeshe, uvuke barabara, upande kwa miguu dakika chache, ndipo ukute ukuta wa mwamba wa mita 214 umesimama juu ya Atlantiki. Yeye kuingia maegesho kagoma, eti ni ghali. Kasimama pembeni, injini inanguruma, simu sikioni. Mama akauliza kwa upole, "Mwanangu, majabali yenyewe yako wapi?"

Akamjibu, bila hata kugeuza shingo: "Picha zake zipo mtandaoni, mama. Tena nzuri kuliko utakazopiga wewe."

Kabla sijafungua mdomo kashaweka gia, tunaondoka. Eti giza litatukuta njiani. Giza! Mwezi wa sita, Clare, jua linazama saa nne usiku! Mtu kasafiri kutoka Tanga, kaendeshwa kilomita kama 270 kutoka Dublin, anaambiwa picha zipo mtandaoni. Mama yangu kashika mkanda wa kiti, kashika na kitenge chake, kanyamaza mpaka Dublin. Mtu mwenye umri wa kumzaa huyo dereva. PICHA ZIPO MTANDAONI! Ndege wa puffin wako pale msimu huu, wenye midomo ya rangi ya machungwa, mjukuu wake alimwagiza akawaangalie. Picha zipo mtandaoni!

Hela hajarudisha. Nimempigia, anakata. Semeni wenyewe.

Chumvi Kidogo: Pole sana mkuu. Ila uzi bila picha haujakamilika.

Mkwezi wa Cork: Chumvi, picha zipo mtandaoni 😂😂😂

Binti Pangani: Mnacheka nini? Mzazi ni mzazi. Huyo kaka mimi namjua, hata shikamoo haitikii vizuri. Mpe mama pole zangu.

Mkwezi wa Cork: Mleta uzi, swali la kiume. Kwa nini hukufungua mlango ukashuka na mama? Ungemwacha apige honi mpaka betri iishe.

Mleta uzi: Nishuke gari likitembea na mama wa miaka 70 mwenye magoti mabovu? Nimesema kaweka gia kabla sijajibu. Soma uzi kwanza. Mama anauliza majabali yako wapi, anajibiwa picha zipo mtandaoni! Wewe ungekuwa umekaa hapo ungefanya nini?

Mkwezi wa Cork: Ningepanda basi la watalii tangu mwanzo. Yanatoka Dublin kila asubuhi, yanasimama majabalini muda wa kutosha, na hayauzi dagaa.

Zeze la Kale: Wakuu, huyo bwana ana leseni ya kubeba abiria? Nchi hii ukibeba mtu kwa malipo, gari liwe na leseni yake na dereva awe na yake, mamlaka ya usafiri inatoa. Hana? Ripoti.

Kijana wa Limerick: Ndiyo shida yetu Waswahili. Mwenzenu anatafuta riziki mnakimbilia kuripoti. Kama hutaki, usipande.

Zeze la Kale: Riziki gani ya kuchukua euro 450 na kupitisha watu barabara ya malori?

Bi Mkubwa wa Drogheda: Nyinyi mmepelekwa Moher mnalalamika. Mimi dereva wangu kanipeleka Ireland ya Kaskazini, Giant's Causeway, yale mawe kama 40,000 yaliyopangika kama yamechongwa kwa mkono. Pazuri kweli. Hakuniambia kule ni Uingereza na visa ya Ireland peke yake haitoshi! Mpakani hakuna geti wala bango la maana, mimi nitajuaje? Nimekuja kushtuka dukani naambiwa paundi. Kurudi, roho mkononi mpaka Dundalk.

Kijana wa Limerick: Bi Mkubwa, visa si unasoma mwenyewe?

Bi Mkubwa wa Drogheda: Nisome nini wakati nimelipa mtu anijulie? Wewe ndiye dereva nini?

Mwana wa Mvita: Afadhali hao. Sisi tulipelekwa Ring of Kerry, ile barabara ya kuzunguka rasi kule Kerry. Ule mzunguko mabasi yote hufuata upande mmoja, kinyume cha saa, kwa kuwa barabara ni nyembamba. Bwana wetu akaingia upande wa pili. Kila kona basi usoni, gari likirudi nyuma ukutani, mke wangu akisoma dua. Visiwa vya Skellig hatukuviona, tulikuwa tumefumba macho.

Mleta uzi: Jamani huu uzi ni wa mama yangu na Moher. Anzisheni nyuzi zenu.

Chumvi Kidogo: Samahani wakuu, turudi nyuma kidogo. Hao dagaa, ni wa Mwanza au wa Kigoma?

Binti Pangani: Wa Kigoma. Na ni wazuri, siwezi kusema uongo.

Mkwezi wa Cork: Kilo anauza ngapi? Cork analeta?

Zeze la Kale: Aliniuzia mimi Pasaka, nusu mchanga. Nimeosha maji saba bado meno yanasaga.

Binti Pangani: Hao hawakuwa wa Kigoma, alikuchanganyia.

Mkwezi wa Cork: Mleta uzi, nitumie namba yake inbox basi.